BARUA YA WAZI: Kuta zetu mnazilipa kwa mita, picha za kuprinti mnaziita sanaa

KWA: Wakubwa wote mnaosimamia majengo ya umma, tenda za rangi na maonesho ya sanaa, Nyanda za Juu Kusini
KUTOKA: Mchoraji wa ukutani, Mwanjelwa, Mbeya
YAH: KAZI ZA WACHORAJI WA KUTA KUFANYWA KAZI ZA KUPAKA RANGI

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika hapa hadharani kwa sababu njia nyingine tumeshapita zote. Barua tulipeleka ikagongwa muhuri, tukaambiwa iko mezani, tukarudi tukaambiwa aliyeishika kahamishwa, mwisho tukaonana na afisa mmoja mstaarabu kabisa akatusikiliza vizuri halafu akatushauri tuandike barua. Sasa ndo hii. Sitaitaja ofisi wala jengo wala kamati, sina nia ya kumchafua mtu, mkisoma mtajijua wenyewe na wenzangu kuanzia Tunduma mpaka Makambako wanajua pia maana hadithi zetu zinafanana.

Kwanza mjue tuko wapi kwa sasa, maana naona mnatuhesabu kwa macho ya zamani. Zamani mchoraji wa mtaani alikuwa anaandika mabango, maduka, migahawa, magari, ubavuni mwa gari anakuchorea simba na maneno. Zikaja mashine za kuprinti, bango linatoka asubuhi kwa asubuhi, ile kazi ikafa. Wengi tukahamia ndani ya nyumba: saluni, loji, kumbi za harusi, shule za watoto, na watu waliojenga kule Uyole na Iganzo ambao wanataka ukuta mmoja wa sebule uwe na kitu. Wakati huohuo vijana waliosoma sanaa chuo nao wameona kanvasi haziuziki huku wakaja kwenye kuta, na sisi wa kuta tumeanza kuuza kanvasi. Yaani huku chini tumeshachanganyikana, kazi moja tunagawana, tunaazimana brashi. Huko juu kwenu bado kuna madaftari mawili, moja la mapambo na moja la sanaa, na anayeamua nani aandikwe wapi haangalii kazi, anaangalia imening'inia wapi na nani kaleta invoisi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. KUCHORA KUNALIPWA KAMA KUPAKA

Naanza na BOQ, ile orodha ya kazi za ujenzi na bei zake, maana ndo tunapoumizwa. Jengo likifika finishingi, kwenye makaratasi kuna mstari wa rangi: andaa ukuta, piga praima, piga koti mbili, bei kwa mita ya mraba hii hapa. Halafu mkubwa mmoja anakuja kukagua anasema hapa mapokezi pako wazi mno, wekeni kitu cha kwetu, mlima Rungwe, mashamba ya chai, kina mama na ndizi, mgeni akiingia ajue yuko wapi. Wazo zuri sana na nalipongeza kwa moyo. Tatizo hicho kitu cha kwetu hakipo kwenye makaratasi, kwa hiyo kontrakta anatutafuta sisi na anatulipa humohumo kwenye mstari wa rangi, kwa mita, bei ileile ya kijana aliyepiga rola nyeupe kwenye korido. Siwadharau wa rola, wengi tumetokea huko na kazi ya kuchora ikikata tunarudi kupiga rola vizuri tu. Ila hizi si kazi moja.

Kabla sijagusa ukuta wenu nimeshakaa na karatasi, nimechora, nimefuta, mkubwa wa pili kataka ng'ombe aongezwe, wa tatu kasema ng'ombe atolewe. Nimepiga gridi, nimehamisha mchoro kwa mkaa, nimesimama mbali kuona kama mlima unasimama au unalala. Na ukuta wenyewe una mambo yake. Plasta mbichi ya saruji ina alkali kali, ukiipakia kabla haijakauka wiki kadhaa inaunguza rangi, kuna rangi zinapauka na nyingine zinageuka kabisa. Afu huku kwetu mvua inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili au Mei, Tukuyu ndo usiseme, ukuta unavuta maji kutoka chini, rangi inavimba, ukungu mweusi unaota kwenye pembe. Vyote hivyo mchoraji wa ukutani lazima avijue juu ya kujua kuchora. Lakini ofisini mgeni rasmi anakuja Ijumaa, kwa hiyo chora tu bwana, na miezi michache mbele ikibabuka mnasema hawa wa mtaani hovyo.

Na malipo ya mita yanaharibu hata kazi yenyewe, hili sijui kama mmewahi kulifikiria. Uso wa bibi anayechambua maharage unaweza kuwa mita moja tu na ukala siku tatu. Mbingu ni mita kumi na inaisha nusu siku. Sasa mtu ana watoto, anadaiwa kodi ya chumba, atachora nini? Ndo maana kuta nyingi za mji huu zina mbingu kubwa kiasi kile. Nyie mlidhani tunapenda sana mawingu.

2. MLANGO WA MAONESHO UMEFUNGWA KWA KIGEZO CHA FREMU

Kuna maonesho yalitangazwa, wasanii wa mkoa mlete kazi. Tukapeleka picha za kuta zetu na michoro ya maandalizi. Jibu: mapambo hayapokelewi, leteni sanaa. Sawa. Mwenzetu mmoja, mtundu huyo, alikuwa amechora maua ya Kitulo kwenye ukuta wa loji, ukuta mzima, yale maua ya milimani wakati wa mvua na ukungu unashuka nyuma yake, kazi ambayo wateja wa loji wanapigia picha mpaka leo. Akanunua kanvasi, akachora maua yaleyale, madogo, tena kwa haraka kuliko ya ukutani na mimi naona hata ukungu hakuupata vizuri. Akaweka fremu. Ikapokelewa. Ikakaa karibu na mlango na kikaratasi chenye jina lake.

Naomba mnieleze hapo kati kiliingia nini, maana mkono ni uleule na maua ni yaleyale. Iliingia fremu ya mbao tu.

Na msiniambie ndivyo sanaa ilivyo duniani, maana huko duniani kwenyewe huo mstari umehamahama sana. Florence, kule Italia, wachoraji walikuwa kwenye chama kimoja na madaktari na wauza dawa, kwa sababu vitu vya kutengenezea rangi viliuzwa kwa wauza dawa. Michelangelo alichora kanisa la Sistina kati ya 1508 na 1512, na kile alichochora ni dari, kapewa dari ya watu aipambe, sasa na yeye mngemlipa kwa mita? Akademia ya wachoraji pale Florence ilianzishwa 1563, ya Paris 1648, na ile ya Paris ilitokana na wachoraji waliokuwa karibu na mfalme kutaka kuchomoka kwenye chama cha mafundi wenzao, na moja ya masharti yao mwanachama asiwe na duka la wazi la kuuzia kazi. Yaani heshima ilipimwa kwa kutokuwa na kibanda. Mimi nina kibanda, kwa hiyo nilishafeli tangu 1648.

Halafu mambo yakageuka tena. Monet, Mfaransa, uzeeni alifanya zile picha kubwa za mayungiyungi ya bwawani, yeye mwenyewe akiziita mapambo makubwa, zikafungwa kwenye kuta za mviringo za jumba la maonesho la Orangerie jijini Paris mwaka 1927 na hakuna anayeingia mle akauliza hii ni sanaa au pambo. Meksiko baada ya mapinduzi yao, miaka ya 1920, serikali iliwapa wachoraji kuta za majengo ya umma, Diego Rivera akachora wizara ya elimu kuanzia 1923 mpaka 1928, na leo watu wanapanda ndege kwenda kuangalia kuta za ofisi. Ofisi! Na wapo waliokimbia upande wa pili, Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, mwaka 1958 alipewa kazi ya kuchora picha za kuweka kwenye mgahawa wa kifahari New York, akachora, mwisho akajitoa na kurudisha hela kwa sababu hakutaka picha zake ziwe pambo la watu wanaokula. Namheshimu. Mimi nisingerudisha.

Tusiende mbali. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, mtu wa kusini, alizaliwa 1932. Alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akawa anauza barabarani kule Msasani na Oysterbay. Alifariki 1972, miaka minne tu ya kazi. Wapo waliosema hizo ni picha za watalii, mapambo ya kubeba kwenye begi. Leo kazi zake zinapigwa mnada Ulaya na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Hakuchora tofauti baada ya kufa jamani, waliobadilika ni waangaliaji.

Na kabla yake walikuwepo bibi zetu. Mimi bibi yangu upande wa Rungwe alikuwa anasiliba nyumba kwa udongo mweupe na mwekundu na majivu, anazungushia dirisha, anaweka mistari na pembe kwa vidole, kila mwaka upya baada ya mvua, na wanawake wa jirani walikuwa wanajua kabisa mkono wa nani ni upi. Wazungu wa mwanzo waliopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kama Joseph Thomson mwaka 1879, walishangaa nyumba na usafi wa vijiji vya huku. Nenda Matema kwa Wakisi, chungu kinafinyangwa, kinachorwa kwa weupe na wekundu wa udongo, halafu kinapikiwa maharage. Pale Iringa kuna Igeleke, watu wa kale wamechora mwambani kwa rangi nyekundu, watu na wanyama, na serikali inatuambia tupalinde, vizuri sana. Ule mwamba hauna fremu. Hata kitaifa uchoraji, uchongaji na ufinyanzi vinawekwa kapu moja la sanaa za ufundi, huu utenganisho mkali nyie mmeutoa wapi?

3. HELA YA SANAA INATOKA NJE YA MKOA KUNUNUA PICHA ZA MASHINE

Hili linauma kuliko yote na nitalisema polepole. Kuna ukumbi mmoja, siutaji, ukifungua madirisha ya upande wa kaskazini unauona mlima Loleza umekaa pale kama ulivyo. Ndani ukutani kuna picha kubwa tatu. Ya kwanza Kilimanjaro na tembo. Ya pili twiga na jua linazama. Ya tatu Wamasai wamepanga mstari. Zote zimeprintiwa na mashine kwenye kitambaa chenye vinyweleo kama kanvasi, ukisogea karibu unaona vidoti, na nimeshaziona hizohizo, zilezile, kwenye loji ya Makambako na kwenye duka la fenicha. Tuliuliza zimenunuliwa kwa fungu gani, tukaambiwa kazi za sanaa. Kwa kipande, siyo kwa mita!

Kwa hiyo mashine imepewa daftari la sanaa, na mtu aliyechora kwa mkono kwenye ukuta wa mapokezi, jengo hilohilo, kaandikwa kwenye rangi pamoja na ndoo na msasa. Mwenye uwezo wa kunitetea hilo ajitokeze, nitamsikiliza.

Sina ugomvi na tembo. Ila mgeni ametoka mbali kaja Mbeya, mnamkaribisha kwa Kilimanjaro, wakati nje kuna Loleza, kuna ziwa Ngosi, kuna kimondo kule Mbozi, kuna kahawa, kuna reli ya TAZARA, na kuna watu wanaojua kuvichora kwa sababu wameviona tangu wadogo.

4. KAZI ZINAFUTWA KIMYAKIMYA

Unapita asubuhi unakuta ukuta wako umepigwa nyeupe au umepakwa rangi ya kampuni fulani na namba za simu. Hakuna aliyekupigia hata upige picha ya mwisho. Na wakati wa kuchora tulikatazwa kusaini chini eti jengo la umma haliwi na jina la mtu, lakini jiwe la msingi pale mlangoni lina majina matatu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda michoro, inalinda na kazi za sanaa za matumizi, na inampa mbunifu haki ya kutambuliwa kwa kazi yake. Hatujaenda kushtaki mtu. Tunakumbusha tu ipo.

NAJUA MTASEMA NINI

Mtasema sheria za manunuzi haziruhusu kumlipa mchoraji pembeni. Lakini hatuombi kulipwa pembeni, tunaomba mstari wetu ndani ya BOQ tangu mwanzo, kama umeme ulivyo na mstari wake na jipsamu ina mstari wake. Mbona jipsamu ya maua dari nzima mnaipatia nafasi.

Mtasema bajeti hakuna, na mimi nitawarudisha kwenye zile picha tatu za kipengele cha 3.

Mtasema hatuna vyeti. Wengine tunavyo vya chuo cha ufundi, vya upakaji rangi na uandishi wa mabango, na wengine hawana kabisa na ndo wanaochora vizuri kuliko mimi. Kazi inaonekana ukutani, njooni muiangalie.

Halafu mtasema, na hapa mna hoja, kwamba kazi nyingi za mtaani ni kopi, simba yuleyule kutoka kwenye simu, mwanamke yuleyule mwenye kilemba kila saluni. Ni kweli na mimi inanikera, kuna kuta nikipita naangalia upande mwingine. Sijasema kila ua la ukutani ni sanaa. Ukanda wa maua uliozungushiwa kwenye korido ya zahanati ni pambo safi, unaleta furaha, ulipwe kama pambo na aliyeuchora wala hatalalamika. Tunachokataa ni kuhukumiwa kabla ya kuangaliwa. Kopi zipo kwenye kanvasi pia, tena nyingi, na hizo mlizipokea kwenye maonesho kwa sababu zina misumari ya kuning'inizia.

TUNACHOOMBA

Kwanza, kwenye jengo lolote la umma ambalo mnataka lichorwe, uchoraji uwe na mstari wake kwenye makaratasi, wenye malipo ya ubunifu kabla ya ukuta na malipo ya kazi baada ya ukuta, na mchoraji asaini mkataba mwenyewe, asining'inie chini ya kontrakta wa rangi. Hili likifanyika hata peke yake nusu ya barua hii inakufa.

Pili, maonesho yajayo yapokee kazi za ukutani kwa picha na michoro ya maandalizi, pamoja na vyungu vya Wakisi na vikapu vya milulu vya wamama wa Iringa ambavyo siku zote mnaviweka meza ya nje karibu na chakula. Na kwenye kamati ya kuchagua awepo angalau mtu mmoja ambaye amewahi kupanda jukwaa la mabanzi na ndoo mkononi.

Tatu, fungu lolote lenye jina la kazi za sanaa linunue kwanza kutoka kwa watu wa mikoa yetu, Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa, Ruvuma, Katavi. Mkikosa kabisa ndo mwende kwa mashine, na mkienda msiiandike sanaa, andikeni mapambo.

Nne, turuhusiwe kusaini, na kabla ya kufuta mtu apigiwe simu. Namba tunaandikaga nyuma ya mkataba, tatizo mikataba hatupewi.

Tuko tayari kuja kikao siku yoyote mtakayotaja, tutakuja na orodha ya kuta zilizopo mjini, picha zake, na makadirio ya bei ambayo tumekaa wenyewe tukayapanga ili msipate kazi ya kuanzia sifuri. Tunaomba jibu liwe la maandishi, lenye jina la atakayeshughulika nalo na tarehe ya kikao, maana ya mdomo tumeshapokea ya kutosha.

Wenu mtiifu,
Mchoraji wa ukutani, Mwanjelwa, kwa niaba ya wenzangu

Nakala: Wachoraji wote wa Iringa, Njombe na Songwe, mkiwa na malalamiko yanayofanana ongezeni hapo chini ila msitaje majina ya watu.